Kutoka Pembe ya Mguso hadi Pete ya Wino: Historia Fupi ya Tone Linalokauka

Mwaka 1805, Thomas Young wa Uingereza alieleza kuwa umbo la tone lililotulia juu ya kitu kigumu huamuliwa na mivutano ya nyuso zinazokutana ukingoni mwake. Ndiyo maana maji hutandaa kwenye kioo safi, lakini hujikusanya kwenye nta. Hata hivyo, maelezo hayo yalihusu tone lililotulia, si linalokauka. Pengo hilo lina uzito katika printa za wino, ambazo hurusha matone ya pikolita chache tu. Karatasi ya kawaida huufyonza wino. Juu ya plastiki, doa linaweza kukauka likiwa na ukingo mzito na kitovu hafifu. Mwaka 1997, Robert Deegan na wenzake, Chuo Kikuu cha Chicago, walibainisha chanzo kwa kuchunguza doa la kahawa: ukingo unaponata, maji huvukizwa hapo kwa kasi zaidi, na umajimaji wa katikati hutiririka kuyafidia, ukibeba chembe. Mwaka 2011, Peter Yunker na wenzake walionesha kuwa chembe ndefu huzuia pete hiyo. Kwa hiyo, ubora wa chapa hauamuliwi na uso pekee, bali pia na mtiririko ndani ya tone na umbo la chembe zake.