Hatari Iliyohamia Ndani ya Mkebe

Mkebe wa dawa ya mbu ambao mwenye duka wa Werugha, kwenye baridi ya Milima ya Taita, huuweka rafuni kando ya sabuni ni mtoto wa vita. Mwaka 1941 Lyle Goodhue na William Sullivan, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, waliitia dawa ya wadudu ndani ya chupa ya chuma pamoja na gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa majimaji, na mamilioni ya chupa hizo yakapewa askari waliokuwa wakiandamwa na malaria. Gesi waliyoichagua ni Freon-12, na sifa yake kuu ilikuwa kutoshika moto. Thomas Midgley, aliyeshiriki kuigundua, aliivuta kifuani mbele ya wanakemia mwaka 1930, kisha akaipuliza ikazima mshumaa. Tangazo la biashara lililoshinda hilo ni vigumu kulipata, na kwa miaka mingi kopo la kupuliza likahesabiwa kuwa kitu kisicho na madhara.

Ninachodai ni kwamba katika historia hii hatari ilihamishwa zaidi kuliko ilivyoondolewa, na kila ilipohama iliishia kwa mwenye kushika chombo. Ushahidi wa karibu uko Taveta. Kati ya 1955 na 1959, chini ya Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, kuta za nyumba zilipuliziwa dawa ya wadudu iitwayo dieldrin, na mbu waenezao malaria wakapungua mno.   Lakini dieldrin hupenya ngozi, na katika nchi kadhaa za kampeni kama hiyo wapulizaji wenyewe walidhurika. Mwaka 2001 dieldrin iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali zenye sumu inayodumu. Kwa maneno mengine, nafuu ya mwenye nyumba ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ilimwangukia mpulizaji.

Mkebe ulipita njia iyo hiyo. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kuwa gesi za jamii ya Freon hupanda juu na kulila tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya kuzidhibiti gesi hizo ikafuata mwaka 1987, Kenya ikairidhia mwaka 1988, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililosimamia mazungumzo yake lina makao Nairobi. Viwanda vingi vikageukia butani na propani, ndugu wa gesi ya kupikia. Anga ilipata nafuu, ila kitu kilichokuwa kikizima mshumaa sasa kinaweza kuwashwa na mshumaa.

Kuna atakayeuliza: basi tungebaki na Freon? Hapana. Kuliokoa tabaka la ozoni kulistahili, na anayetaka turudi nyuma hajui thamani yake. Ninachokataa ni kumtupia mtumiaji, kama fundi anayepuliza rangi ya kopo, gharama yote kisha kumwambia asome maandishi madogo ubavuni mwa kopo. Mwingine atasema Werugha kuna baridi, hili ni suala la mji wa Voi, kule chini kwenye joto. Ni kweli joto la mkebe halipaswi kuzidi nyuzi 50, na gari lililofungwa kwenye jua la Voi hupita hapo bila shida. Lakini shehena ya Werugha hupitia huko huko kwenye joto kabla ya kupanda mlima. Tena baridi haizuii cheche: gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, na katika karakana iliyofungwa madirisha kwa sababu ya ukungu zitangoja jiko la makaa au mashine ya kuchomelea vyuma.

Hoja ya kwamba mkebe uliokwisha si hatari ndiyo dhaifu kuliko zote. Maadamu ndani kuna tone la gesi ya majimaji, shinikizo hubaki karibu vile vile hata dawa inapokaribia kwisha, na mkebe mtupu ukitupwa kwenye moto wa takataka hupasuka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe vitu vinatumika na kuhifadhiwa kwa usalama, na awafundishe wafanyakazi wake. Kwa hiyo kibarua anapotumwa kuchoma takataka za duka, kuitoa mikebe kwanza na kuiweka kando ni kazi ya aliyemtuma.