Mguu Uliovunjika Pamplona na Mafungo Tunayofanya Leo

Malindi, karibu na bahari, kuna kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, na makaburi machache pembeni yake. Mapema mwaka 1542 meli iliyotoka kisiwani Msumbiji ilitia nanga hapo. Ndani yake alikuwamo padri wa miaka 35, Francis Xavier, akielekea Goa. Alishuka kumzika baharia mmoja aliyefia safarini. Barua aliyoiandika baadaye inasimulia kwamba Mwislamu mmoja aliyeheshimika mjini alimuuliza jambo lililomkera moyoni: Malindi ilikuwa na misikiti 17, lakini watu walikuwa wakienda kwenye mitatu tu. Je, kwa Wakristo nako ibada imepoa namna hii?

Swali zito, na limefika kila zama na kila dini. Aliyeulizwa alikuwa mtu ambaye miaka michache tu kabla ya hapo moyo wake mwenyewe ulikuwa umepoa. Alikuwa msomi wa Paris mwenye kutafuta cheo. Kilichomgeuza ni urafiki wa mwenzake wa chumbani, na mwezi mzima wa kimya alioufunga Septemba 1534. Mwenzake huyo ndiye Inyasi wa Loyola, na mwezi ule ndio mzazi wa sehemu kubwa ya mafungo tunayotangaziwa parokiani.

Inyasi hakuanza kama mtu wa sala. Tarehe 20 Mei 1521, katika ngome ya Pamplona, kombora la mzinga wa Wafaransa lilimvunja mguu. Alikuwa askari Mbaski wa miaka 30 hivi, mwenye kupenda sifa na mavazi. Mfupa uliungwa vibaya, ukavunjwa tena. Ulipopona ukabaki umechomoza chini ya goti, akaagiza ukatwe kwa msumeno, bila ganzi, kwa sababu ungemharibia umbo la buti alizopenda kuvaa. Akiwa kitandani kwao Loyola aliomba hadithi za mashujaa. Hazikuwamo nyumbani. Akapewa maisha ya Kristo yaliyoandikwa na Ludolph wa Saxony, na visa vya watakatifu.

Kitandani hapo aligundua jambo dogo ambalo vitabu vingi vya elimu havikuwa vimemfundisha. Akiwaza vita na mapenzi ya bibi mmoja wa kifalme, alifurahi, kisha akabaki mkavu. Akiwaza kumfuata Kristo kama watakatifu walivyofanya, alifurahi, na furaha ikabaki. Akaanza kujiuliza: mawazo haya yanatoka wapi, na yananipeleka wapi? Mafundisho yake yote ya baadaye juu ya kupambanua roho yaliota kutoka kwenye swali hilo la mgonjwa.

Machi 1522 aliacha upanga wake mbele ya altare ya Mama Maria huko Montserrat, akampa maskini nguo zake za kiungwana, akateremka mpaka mji mdogo wa Manresa. Alikusudia kukaa siku chache. Alikaa zaidi ya miezi kumi. Aliombaomba chakula, akaacha nywele na kucha zikue ovyo, akasali saa saba kwa siku. Halafu giza likamshukia. Aliungama dhambi zilezile mara kwa mara bila kupata amani, hadi akajaribiwa kujiua. Alipotoka humo alijua kwamba ukali wa namna ile haukuwa umetoka kwa Mungu. Alikata kucha, akala vizuri, akaanza kuandika katika daftari yale yaliyomsaidia, ili yaje kuwasaidia wengine.

Daftari hilo ndilo kitabu cha Mazoezi ya Kiroho. Napenda tulikumbuke vizuri: aliyeliandika alikuwa mlei, hajasoma teolojia, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu wa mjini, wanawake wengi wakiwamo. Jambo hilo lilimponza. Huko Alcalá mwaka 1527 aliwekwa kifungoni siku 42, na Salamanca akafungwa tena siku 22. Mahakimu walilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, hawakuona kosa, ila wakamkataza kufundisha tofauti ya dhambi ya mauti na dhambi ndogo mpaka asome zaidi. Akakubali kusoma. Alikuwa tayari amekaa darasani Barcelona na watoto kujifunza Kilatini, akiwa na miaka thelathini na zaidi. Mwaka 1528 akaingia Paris.

Kule ndiko alikowapata wanafunzi wenzake, Pierre Favre na Xavier. Tarehe 15 Agosti 1534 wanaume saba waliweka nadhiri Montmartre, na mwaka 1540 Papa Paulo III akalithibitisha shirika lao, Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti. Kitabu chenyewe kilipata kibali chake tarehe 31 Julai 1548, kwa ombi la Francis Borgia, mtawala wa Gandia, kikachapwa Roma nakala 500.

Anayekifungua leo akitegemea usomaji mtamu hushangaa. Ni kikavu kama mwongozo wa fundi. Kimeandikwa kwa ajili ya anayewaongoza wengine, na kinamtaka aongee kidogo: atoe Neno kwa ufupi, kisha ajitenge, Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Njia yake ni majuma manne: dhambi na huruma, maisha ya Kristo, mateso, ufufuko. Juma si lazima liwe siku saba, hurefushwa au hufupishwa kulingana na mtu. Sala ni saa tano kwa siku, moja yake usiku wa manane. Anayetafakari Noeli anatakiwa aione barabara ya Nazareti hadi Bethlehemu: ina urefu gani, ina mabonde au ni tambarare, na pango lile ni pana au finyu. Kila saa ikiisha, mtu hutazama nyuma: moyo ulipata faraja wapi, ulikauka wapi. Na ukiwa katika ukavu, usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa faraja.

Lugha yetu imelipa jambo hili jina zuri. Mafungo yanatokana na kufunga: kufunga mlango, kufunga kinywa.

Baadaye mafungo yalipata umaarufu, na umaarufu ukayabadilisha. Karne ya 17, huko Vannes nchini Ufaransa, zilijengwa nyumba za kupokea makundi makubwa, wanaume na hata wanawake. Ilikuwa neema kubwa. Lakini kundi kubwa linahitaji mhubiri, na polepole hotuba zikachukua mahali pa mazungumzo ya watu wawili. Shirika lilivunjwa mwaka 1773, likarudishwa 1814. Mwaka 1929 Papa Pius XI alitoa waraka mzima wa kuhimiza mafungo kwa Wakristo wote. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ndipo Wajesuiti walipolirudia daftari la Manresa kwa bidii, na kiongozi akakaa tena na mtu mmoja mmoja. Nairobi, nyumba yao ya Mwangaza inaendeleza mtindo huo.

Hapo ndipo nina neno na sisi. Mafungo mengi ninayoyahudhuria yana vipaza sauti tangu asubuhi hadi jioni, mada nne, maswali, matangazo, mchango. Tunarudi nyumbani na daftari lililojaa na moyo ambao haukupewa hata saa moja ya kukaa peke yake na Bwana. Hayo ni semina, na semina zina faida zake. Tusiziite mafungo.

Asiyeweza kuacha kazi hakusahaulika. Katika maelezo ya mwanzo wa kitabu chake, lile la 19, Inyasi anampangia mtu mwenye shughuli nyingi saa moja na nusu kila siku, akiwa kwake, akikutana na kiongozi wake. Mwalimu, nesi, mama mwenye genge sokoni wanaweza kuifuata njia hiyo. Basi parokia yako itakapotangaza mafungo ya Kwaresima, muulize paroko swali moja kabla ya kujiandikisha: kwa siku, tutapewa saa ngapi za kimya?