Lawama ya Muumbaji: Frankenstein kutoka 1818 hadi 1931

Imekuwa desturi kuichukulia riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein, kuwa onyo dhidi ya mwanadamu anayejitwalia kazi ya Mungu. Makala hii inadai kwamba usomaji huo ulikolezwa na matini za baadaye, na kwamba katika toleo la kwanza kosa kuu si kuumba bali ni kutelekeza.

Katika toleo la 1818, lililotoka London bila jina la mwandishi, Victor Frankenstein anamhuisha kiumbe, kisha anamkimbia usiku ule ule kwa kuchukizwa na sura yake. Hampi hata jina. Kiumbe anajifunza lugha kwa kuisikiliza familia moja kwa siri, anasoma Paradise Lost ya Milton, na kutambua kwamba Adamu alikuwa na Muumba aliyemtunza, ilhali yeye hana. Anaanza kuua baada ya kukataliwa. Justine anaponyongwa kwa mauaji asiyoyatenda, Victor anaujua ukweli na ananyamaza. Hoja hii haiko mbali na methali yetu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Suala la malezi lilimgusa mwandishi mwenyewe: mamake, Mary Wollstonecraft, alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797, naye alifiwa na mtoto wake wa kwanza mwaka 1815.

Mwaka 1823 Richard Brinsley Peake aliigeuza riwaya kuwa tamthilia na kuiita Presumption, yaani ufidhuli wa kuvuka mipaka. Jina hilo lenyewe ni hukumu. Jukwaani kiumbe alifanywa bubu, na asiyesema hawezi kumshtaki aliyemuumba. Toleo la 1831, alilolirekebisha Shelley mwenyewe, lilizidisha kauli za Victor kuhusu majaaliwa. Hatimaye, katika filamu ya James Whale ya 1931, kiumbe anatiwa ubongo wa mhalifu. Uovu sasa unatokana na maumbile, na suala la malezi limesukumwa kando.

Huenda ikapingwa kwamba hata mwaka 1818 Victor anamwonya nahodha Walton dhidi ya tamaa ya makuu. Ni kweli, lakini huo ni ushahidi wa mshtakiwa. Victor huyo huyo, akikaribia kufa, anasema kwamba ameuchunguza mwenendo wake na hakuona la kulaumiwa. Msomaji ambaye tayari amemsikia kiumbe akijieleza hawezi kuipokea kauli hiyo bila kuihoji.

Kwa hiyo, anayeifundisha riwaya hii hana budi kubainisha anafundisha toleo lipi. Kumshutumu Victor kwa kuthubutu tu ni kumwondolea shtaka lililo zito zaidi: kwamba alimleta kiumbe duniani, akampa kisogo, kisha akamlaumu kwa jinsi alivyokua.