Mamba wa Ruhuhu na wabebaji wasioandikwa

Katika Makumbusho ya Historia Asilia jijini London kuna fuvu la mnyama aliyewinda kusini-magharibi mwa Tanzania yapata miaka milioni 240 iliyopita. Limevunjika, lakini lilipokuwa zima lilizidi sentimita 75. Mwili wote unakadiriwa kufikia mita 5. Alikuwa mla nyama wa ukoo wa mamba, mmoja wa wakubwa kabisa wanaojulikana wa ukoo huo katika Triasiki ya Kati, kabla dinosaria hawajatawala nchi kavu. Alichimbwa mwaka 1963. Jina rasmi alilipata 2022: Mambawakale ruhuhu.

Richard Butler wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzake walichagua Kiswahili makusudi, ili kuwaenzi Watanzania waliofanikisha uchimbaji ule na ambao majina yao hayakuandikwa.

Mawe ya Njiru na Kayole, hapa Nairobi, tunayojengea nyumba ni ya volkano, machanga mno kuhifadhi mnyama wa namna hiyo. Hata hivyo kisa chake kinatuhusu sana sisi watu wa Eastlands, mashariki mwa jiji hili.

Mifupa ya bonde la Ruhuhu, mto unaoingia Ziwa Nyasa, ilianza kukusanywa miaka ya 1930. Francis Rex Parrington alichimba mwaka 1933 na kupeleka shehena yake Uingereza. Ile ya Ernst Nowack ilikwenda Tübingen, Ujerumani.

Msafara wa 1963 ndio unaouma. Tanganyika ilikuwa huru tangu Desemba 1961, na Kenya ilikuwa ikihesabu miezi. Wataalamu wa makumbusho ya London na Chuo Kikuu cha London, akiwemo Alan Charig, walipita nchi ambayo leo ni Zambia na kuingia Tanganyika. Kwa mujibu wa kundi la Butler, mafanikio yao yalitegemea wenyeji: kuonyesha penye mifupa, kutengeneza njia, kubeba mizigo kutoka porini. Pamoja na fuvu ulipatikana mkono wa kushoto uliokaribia kukamilika, wenye vifupa vya vidole ambavyo mtu akiharakisha huvipita au huvivunja. Aliyeviokota ni nani? Hakuna karatasi inayosema.

Charig alimpa mnyama jina lisilo rasmi, Pallisteria, kwa heshima ya mwanajiolojia John Weaver Pallister. Charig alifariki 1997 bila kumtangaza mnyama huyo rasmi. Mnyama mwingine wa Ruhuhu, Teleocrater, ambaye Charig alimweleza katika tasnifu yake ya 1956, alitangazwa rasmi katika jarida la Nature mwaka 2017, na Charig akatajwa kuwa mwandishi mwenza, miaka 20 baada ya kifo chake. Ni haki yake. Basi heshima hiyo inawezekana, ikiwa wenye kalamu wanataka.

Wala tusiambiwe kwamba enzi hizo ndivyo ilivyokuwa. Wajerumani walipochimba dinosaria Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, jina la msimamizi Boheti bin Amrani liliandikwa, na mwaka 2007 dinosaria Australodocus bohetii akaitwa kwa jina lake. Hapa Kenya, nani ataeleza habari za Kijana wa Turkana, mabaki ya binadamu wa kale yaliyopatikana 1984, bila kumtaja mgunduzi wake Kamoya Kimeu?

Eastlands tunalijua jeraha hili. Kariokor yetu, kama Kariakoo ya Dar es Salaam, imebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Walikufa kwa maelfu, wengi bila kaburi lenye jina. Tukabaki na jina la mahali, nao wakabaki umati.

Tangu 2007 watafiti wa kigeni wamekuwa wakirudi Ruhuhu wakishirikiana na Watanzania. Asilisaurus kongwe, mnyama mwingine wa huko aliyetangazwa 2010, amesajiliwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Ni hatua njema.

Lakini jina la Kiswahili halitoshi. Kijana wa miaka 20 wa mwaka 1963, akiwa hai, sasa amepita 80. Makumbusho ya London na ya Dar es Salaam yatume watu kwenye vijiji vya Ruhuhu wawaulize wazee na watoto wao, waandike majina, na kuyaweka kwenye kibao kando ya fuvu. Fuvu liliweza kusubiri miaka 59 lipate jina. Wazee hawawezi.