Kibaokalamu si Kishikwambi

Katika orodha ya istilahi za vifaa vya kompyuta iliyoanza kuzungushwa karibuni, kamati moja imekiita "kishikwambi cha kuchorea" kile kifaa bapa cheusi chenye waya na kalamu yake, ambacho wachoraji na wachezaji wa michezo ya mdundo wanakiweka mezani kando ya kibodi. Nilidhani ni kosa la chapa. Nilipoona limerudiwa kwenye ukurasa wa vielelezo, tena chini ya picha sahihi kabisa ya kifaa chenyewe, nilielewa kwamba wakubwa hawa wameamua kwa makusudi.

Kishikwambi tunakijua. Tangu makarani wa sensa ya 2022 walipopita nacho nyumba kwa nyumba, hakuna Mtanzania anayehitaji kuelezwa: ni kompyuta kamili, ina kioo, betri na kumbukumbu yake, na mtu anaishika mkononi. Hilo "shika" linasikika ndani ya neno lenyewe, na ndiyo maana neno limekubalika. Sasa kifaa tunachokizungumzia hakishikwi. Kinalala mezani, hakina kioo, hakina betri, na ukichomoa waya wake hakina kazi yoyote. Kukipa jina la kishikwambi ni sawa na kuiita spika redio kwa kuwa zote zinatoa sauti.

Na kosa la jina linakula fedha za watu. Mpwa wangu, mpenzi mkubwa wa osu!, mchezo wa mdundo wa kompyuta, alikwenda Kariakoo na akiba yake akauliza "kishikwambi cha kuchorea cha bei nafuu", maana ndivyo alivyofundishwa. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, akamfungia kishikwambi cha watoto chenye kifuniko cha mpira na kijiti chenye ncha laini. "Mjomba, hiki mbona hakiingii kwenye kompyuta?" aliniuliza jioni ile, kijiti kikiwa bado mkononi. Kijiti kile hakina tofauti na kidole. Dukani walikataa kurudisha fedha, na sikuwalaumu: walimpa alichokiomba kwa jina.

Ninachokitetea ni kibaokalamu, wingi vibaokalamu. Nililipeleka kwa maandishi, na hoja zake zote, kwa wahusika. Sikupata hata barua ya kukiri kwamba limepokelewa. Basi nalieleza hapa.

Tuanze na kibao. Wazungu walipolitunga jina lao, tablet, walikwenda kwenye Kilatini, ambako tabula ni ubao, wakalipunguza likawa ubao mdogo. Waroma waliandika juu ya vibao vilivyopakwa nta, kwa kijiti chenye ncha kali. Sisi hatuna haja ya kupita Roma. Ubao tunao, na ki- ya udogo tunayo; watoto wa chuoni pwani walijifunza herufi juu ya ubao kabla umeme haujafika mjini. Kalamu nayo ilitufikia kwa Waarabu, na kwa Wagiriki neno hilohilo ni unyasi, ule uliochongwa ncha ukachovywa wino. Kwa hiyo maneno mawili haya yamekaa pamoja tangu zamani, na kuyaunganisha bila kiunganishi si uzushi wangu: gari na moshi zilikwisha kufanya hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Mwandishi mmoja mwenye wasomaji wengi anashikilia "tableti ya grafiki", akidai kwamba kibao kimebeba maana nyingi mno. Ni kweli kimebeba. Kuna kibao cha chapati, kibao cha mlangoni, kibao cha shavuni, na watu kibao. Lakini hakuna Mswahili aliyewahi kuombwa kibao cha chapati akatoa kofi. Tena katika wingi huo kuna maana moja ambayo ndugu yangu huyu ameipita bila kuiona: kibao ni wimbo uliopendwa. Mchezaji wa osu! anachagua kibao, kisha anakicheza juu ya kibao. Lugha gani nyingine imepewa bahati hiyo?

Sehemu ya pili, kalamu, ndiyo inayobeba fizikia. Chini ya uso wa kifaa kuna wavu wa nyaya unaotoa mawimbi. Ndani ya kalamu kuna koili inayoitika mawimbi hayo na kuyarudisha, na kwa mrejesho huo kifaa kinajua ncha iko wapi hata kabla haijagusa. Kidole hakitambuliki. Ukucha hautambuliki. Hapo ndipo kinapoachana na vile vibao vya watoto vya kuandika na kufuta kwa kitufe, ambavyo hata ukucha unaviandika. Kibaokalamu kinaijua kalamu yake peke yake, na jina linalosema "kuchorea" limeacha kiini na kushika matumizi mamoja tu. Mchezaji wa mdundo hachori chochote. Dean Herbert alipoitoa osu! mwaka 2007, aliijenga juu ya wazo la Osu! Tatakae! Ouendan, mchezo wa 2005 uliochezwa kwa kalamu kwenye kioo cha Nintendo DS. Kwa hiyo kalamu ilikuwapo katika mchezo huu tangu asili yake, wala haikuazimwa kwa wachoraji.

Kuhusu kununua, kwa ufupi. Chagua kisicho na kioo, chenye kalamu isiyo na betri, na uwanja usiopungua milimita 100 kwa upana; Wacom CTL-472 ina 152 kwa 95, na XP-Pen Star G640 iko karibu na hapo. Viwango 8192 vya mgandamizo vilivyotangazwa kwenye boksi usivilipie, kwani osu! haivisomi, vidole vinabonyeza Z na X kwenye kibodi, kalamu inalenga viduara vya kwenye kioo tu. Hakikisha programu ya OpenTabletDriver inakitambua, na nunua ncha za akiba ikiwa unaiburuza kalamu juu ya kibao.

Nimesema uwanja, nikimaanisha ile sehemu ya kibao inayoisikia kalamu. Orodha ya kamati inasema "eneo tendaji amilifu", maneno matatu ambayo mawili yake yana maana moja. Pembe ya uwanja ni pembe ya kioo cha kompyuta, na ukiupunguza uwanja mkono unasafiri kidogo. Mpwa wangu sasa anacho cha kweli, na juzi aliniandikia: "Mjomba, nimepunguza uwanja wa kibaokalamu hadi 100 kwa 56, vile viduara vya mbali navifikia." Kijana wa miaka kumi na sita ameyatumia maneno yote mawili bila kamusi wala semina.