Mortification: Bendi ya Melbourne Iliyoimba Mauti kwa Imani

Mortification ilizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1990, kutoka kwenye mabaki ya bendi nyingine. Steve Rowe alikuwa mpiga gitaa la besi wa Lightforce, kundi la Kikristo la hevi metali lililokuwa limetoa albamu za Battlezone mwaka 1987 na Mystical Thieves mwaka 1989. Kundi hilo liliposambaratika, Rowe hakutafuta mwimbaji mwingine. Alishika maikrofoni mwenyewe huku besi ikining'inia begani, akaishusha sauti mpaka ikawa ngurumo. Pamoja na Cameron Hall kwenye gitaa na Jayson Sherlock kwenye ngoma, alirekodi Break the Curse mwaka huohuo wa 1990. Hapo Lightforce ikawa imekwisha, na jina jipya likaanza kutembea kwa kanda, kutoka mkono hadi mkono.

Jina lenyewe limechukuliwa kwenye Biblia ya Kiingereza, katika mafundisho ya Paulo kwa Warumi na Wakolosai kuhusu kuzifisha tamaa za mwili. Kwa mpenzi wa metali asiyejua Maandiko, neno hilo lilisikika kama jina lolote la bendi za wakati ule, lenye harufu ya maiti na kaburi. Kwa Mkristo lilikuwa somo la Jumapili. Rowe alilichagua akijua kwamba lingesomwa kwa njia zote mbili.

Wakati wenyewe nao una maana yake. Metali ya mauti, ile inayoitwa dethi metali, ilikuwa bado changa. Possessed wa California walikuwa wametoa Seven Churches mwaka 1985, Death wa Florida wakaja na Scream Bloody Gore mwaka 1987, na Morbid Angel na Altars of Madness mwaka 1989. Mwaka 1990, wakati Rowe anaanza upya, Deicide nao walitoa albamu yao ya kwanza, na jina lao tu lilikuwa tangazo la vita dhidi ya Mungu. Magitaa yalilegezwa nyuzi mpaka yakakoroma, ngoma zikaenda kasi isiyohesabika kwa mguu wa kawaida, na mwimbaji akatoa maneno kutoka chini kabisa ya koo. Mashairi yalihusu kuoza, kuchinjwa, jehanamu. Shetani alikuwa mgeni wa kudumu jukwaani.

Wakristo walikuwa tayari na metali yao, lakini ya aina nyingine. Stryper wa California walivaa mistari ya njano na nyeusi, wakarusha Biblia kwa watazamaji, na To Hell with the Devil ya mwaka 1986 ikauzwa sana. Mwaka 1988 Vengeance Rising, wa huko huko California, walikwenda mbali zaidi kwa Human Sacrifice, muziki wa thrashi mkali ulioimbwa kwa sauti ya kukwaruza. Bado ilibaki ngazi moja ya kushuka, kule chini kwenye giza lenyewe, na Mortification walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuishuka wakiwa na Injili mkononi.

Hatua ya kwanza ilikuwa mwaka 1991. Hall alikuwa ameondoka na Michael Carlisle kushika gitaa. Watatu hao, Rowe, Carlisle na Sherlock, walitoa albamu iliyobeba jina la bendi kupitia Intense Records, lebo ya California iliyokuwa tawi la Frontline. Ndani yake bado kuna thrashi nyingi, na nyimbo kadhaa za Break the Curse zimerudi zikiwa na meno zaidi. Ni kazi ya vijana wenye haraka. Tayari, hata hivyo, Sherlock anasikika kuwa mpiga ngoma wa daraja la juu, mtu wa kasi na nguvu ambaye hata katika mbio zile haachi wimbo uporomoke.

Kisha ikaja Scrolls of the Megilloth mwaka 1992, na hapa ndipo panapostahili kukaa.

Megilothi ni magombo matano ya Agano la Kale ambayo Wayahudi huyasoma katika sikukuu na siku zao za maombolezo: Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta. Bendi ya metali ya mauti kuyafanya magombo haya kuwa jina la albamu lilikuwa jambo geni kwa pande zote. Vijana wa metali ya mauti wa Florida na Stockholm walitafuta picha zao katika filamu za kutisha na vitabu vya uchawi. Vijana hawa wa Melbourne waliziokota kwenye rafu ya mchungaji. Nao hawakukosa cha kuokota. Maombolezo ni kitabu cha mji ulioteketea, wenye watoto wanaozimia njaa barabarani. Mhubiri anazungumza juu ya kifo bila kukipaka rangi. Esta imejaa hila, hukumu na mti wa kunyongea. Anayedai kwamba sauti ya ngurumo haifai kwa Maandiko Matakatifu anapaswa kwanza kueleza ni sauti gani inayoyafaa magombo kama haya.

Kwetu Afrika Mashariki hoja hii haishangazi sana. Kwaya zetu zimeimba kwa miaka mingi kuzama kwa Farao na kuanguka kwa kuta za Yeriko, na hakuna aliyeona ajabu kumsikia mwalimu wa kwaya akiwataka sauti ya nne waungurume. Mabishano yetu yamekuwa juu ya ala: kama gitaa la umeme na seti ya ngoma vina nafasi madhabahuni. Mortification walikabili mabishano hayohayo katika nchi yao, na jibu lao lilikuwa kupiga kwa nguvu zaidi.

Albamu yenyewe ni nzito mno. Rowe anazama chini kiasi kwamba mara nyingine sauti yake na besi yake ni vigumu kuzitenganisha. Nyimbo kama "Nocturnal" na "Terminate Damnation" zinakimbia bila huruma, halafu "Eternal Lamentation" na wimbo wenye jina la albamu zinapunguza mwendo na kuuburuta uzito huo polepole, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloifanya kazi hii idumu. Kasi peke yake huchosha sikio. Uzito unaotembea humfanya msikilizaji asubiri hatua inayofuata.

Nuclear Blast ya Ujerumani iliichukua albamu hii kwa ajili ya Ulaya. Lebo hiyo, iliyoanzishwa na Markus Staiger mwaka 1987, ilikuwa nyumba ya bendi ambazo baadhi yake zilikuwa na uadui wa wazi na kanisa. Kwamba bendi ya Kikristo kutoka upande wa pili wa dunia ilipewa nafasi humo kunaonyesha kilichosikika kwanza: muziki. Wengi wa walionunua kanda na diski hizo hawakuwa waumini, na ndivyo Rowe alivyotaka. Hakuwa anawaimbia waliokwisha kuokoka peke yao.

Mwaka 1993 ukaleta Live Planetarium, rekodi ya jukwaani, na Post Momentary Affliction, albamu ya studio ambayo jina lake litamkumbusha msomaji wa Biblia barua ya pili kwa Wakorintho na dhiki yake ya kitambo. Ni kazi ya kujaribu mambo, yenye vipande vifupi kati ya nyimbo na midundo isiyotabirika. Naipenda kwa ujasiri wake kuliko kwa nyimbo zake.

Baada yake Sherlock aliondoka. Alipiga ngoma na Paramaecium, kundi jingine la Melbourne, lililochanganya metali ya mauti na mwendo wa polepole wa maombolezo katika Exhumed of the Earth ya mwaka 1993. Na mwaka 1994 akafanya jambo ambalo lingekumbukwa kuliko yote. Huko Norwei, wafuasi wa metali nyeusi walikuwa wamechoma makanisa; kanisa la kale la mbao la Fantoft, Bergen, liliteketezwa Juni 1992. Sherlock, akiwa peke yake, akiimba na kupiga ala zote, alirekodi albamu ya metali nyeusi yenye baridi na ukali uleule wa Wanorwei, lakini yenye maneno ya kumsifu Kristo na kumlaani Shetani. Aliiita Hellig Usvart kwa Kinorwei, mradi akauita Horde, na mahali pa jina la msanii pakaandikwa tu kwamba hajulikani. Nuclear Blast wakaitoa. Inasimuliwa kwamba Staiger alipokea vitisho vya kuuawa kutoka kwa watu waliotaka jina la mhusika. Tawi zima la metali nyeusi ya Kikristo linahesabu chanzo chake hapo, na kwa hiyo lina mzizi wake katika chumba cha mazoezi cha Mortification.

Bendi yenyewe ilibadilika. Blood World ya mwaka 1994, Phil Gibson akiwa kwenye ngoma, iliiacha ngurumo nzito na kurudi kwenye kelele za wazi na midundo ya kutikisa kichwa. Primitive Rhythm Machine ya mwaka 1995 iliendelea na njia hiyo. Wapo mashabiki walioona wamesalitiwa. Sidhani kulikuwa na usaliti. Lakini kitu cha pekee kilipotea, na kuwa sehemu ya historia ya bendi hakukifanyi kisikosekane.

EnVision EvAngelene ya mwaka 1996 ilirudisha ukubwa wa fikra. Wimbo wake mkuu, wa karibu dakika 19, unasimulia kusulubiwa kwa Yesu kama malaika walivyokutazama. Ni kazi ya mtu aliyefikiri sana juu ya kifo kimoja.

Mwaka huohuo kifo kilimjia yeye. Rowe aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alipitia tiba kali za dawa na upandikizaji wa uboho, na ikafika hatua ya madaktari kumpa matumaini madogo sana ya kuishi. Msikilizaji wa zamani hawezi kusahau kwamba kwenye Scrolls of the Megilloth, miaka minne kabla, kulikuwa na wimbo uitwao "Lymphosarcoma", jina la saratani ya tezi za limfu. Waumini sehemu mbalimbali za dunia walimwombea. Alipona, ingawa mwili ulibaki na alama za vita hiyo, na mwaka 1998 akatoa Triumph of Mercy pamoja na mpiga gitaa Lincoln Bowen. Kwa ufundi si albamu yao bora. Kwa ushuhuda haina mfano katika orodha yao: mtu aliyetangaza miaka minane kwamba mauti imeshindwa anasimama tena kwenye maikrofoni baada ya kuikaribia mwenyewe.

Hakusimama hapo. Hammer of God ilitoka mwaka 1999, Relentless mwaka 2002, Brain Cleaner mwaka 2004, Erasing the Goblin mwaka 2006, The Evil Addiction Destroying Machine mwaka 2009, Realm of the Skelataur mwaka 2015. Wapiga gitaa na wapiga ngoma walikuja na kuondoka. Rowe peke yake yumo katika zote. Kupitia Rowe Productions, lebo aliyoianzisha mwenyewe, alizitolea pia kazi bendi nyingine za Kikristo ambazo kampuni kubwa zisingezitazama.

Katika orodha ya miaka hiyo ya mwisho, albamu ninayoirudia ni The Silver Cord Is Severed ya mwaka 2001. Jina lake limetoka katika sura ya 12 ya Mhubiri, penye uzee, kamba ya fedha na mavumbi yanayoirudia nchi. Rowe alikuwa amelisoma gombo hilo akiwa kijana mwenye afya, akalifanya ngurumo. Safari hii alilisoma akiwa mtu aliyetoka wodini.