Ini la Njaa na Ini la Shibe

Warumi wa kale walikuwa na desturi ya kuwalisha mabata bukini tini hata maini yao yakavimba kwa mafuta, ndipo wakawachinja. Ini la namna hiyo waliliita ficatum, yaani la tini. Na kwa jinsi walaji walivyolipenda, neno la tini likalifukuza neno la ini. Hata leo Mfaransa, Mhispania na Mtaliano wakitaja ini, liwe hata la binadamu, hutamka mtoto wa neno lile la jikoni. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu, na msomaji atanisamehe kwa kuanzia kwenye neno. Lakini wapishi wale walijua jambo ambalo matabibu walichelewa kulikubali: kwamba utamu na shibe, pasipo tone la mvinyo, vyatosha kulijaza ini mafuta.

Mwaka 1836 Thomas Addison, tabibu wa hospitali ya Guy's mjini London, alieleza jinsi maini ya walevi yanavyogeuka kuwa mafuta. Maelezo yake yalikuwa ya kweli. Ila kweli ikikaa peke yake muda mrefu huzaa dhana, na dhana iliyozaliwa ni kwamba mwenye ini la mafuta ni mlevi. Akikana, basi ni mlevi na mwongo pia.

Huku Afrika ini hilo lilionekana kwa watu wasiohusiana na mvinyo kamwe. Mwaka 1933 Cicely Williams, daktari mwanamke aliyekuwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi: miguu imevimba, ngozi inabanduka, na kwa waliokufa, ini limejaa mafuta. Mwaka 1935 aliyatangaza maradhi hayo kwa jina la lugha ya Waga, kwashiorkor. Sisi husema unyafuzi. John Waterlow alipotoa taarifa yake mwaka 1948 juu ya watoto wachanga wa West Indies, maradhi yao aliyaita waziwazi maradhi ya ini la mafuta. Na mwaka 1954 Hugh Trowell, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, waliofanya kazi Kampala, walitoa kitabu kizima juu ya unyafuzi.

Basi jina ambalo leo twalifunga na kitambi lilikuwa jina la njaa. Ini ni kama ghala lenye milango miwili. Kwa mtoto wa unyafuzi mlango wa kutolea ndio ulioziba: ini lilikosa protini za kuyachukua mafuta na kuyapeleka nje, japokuwa wataalamu wa leo hawasemi tena kwamba upungufu wa protini ndio chanzo pekee cha maradhi yale. Kwa mtu wa shibe ni mlango wa kuingizia usiofungika. Insulini haisikilizwi tena mwilini, mafuta yanamiminika kutoka kitambini, na sukari iliyozidi ini lenyewe huigeuza mafuta.

Ini hili la pili lilipata shahidi mapema. Mwaka 1952 Samuel Zelman wa Marekani alichapisha uchunguzi wa maini ya watu 20 wanene wasio walevi. Kilichomzindua ni mhudumu mmoja wa hospitali aliyekunywa chupa zaidi ya 20 za soda kwa siku. Wachache walimsikia. Mwaka 1980 Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic walieleza wagonjwa wengine 20, wengi wao wanene, baadhi wenye kisukari, ambao maini yao yalikuwa na sura ya maini ya walevi ilhali hawakuwa walevi. Ludwig alitambua pia aibu iliyomo: daktari humshuku mgonjwa, mgonjwa humkasirikia daktari, na mwenye makosa ni daktari.

Aibu hiyo naifahamu. Shangazi yangu, mwanamke mnene mwenye kisukari, aliyeswali na kufunga maisha yake yote, aliulizwa katika kituo kimoja cha tiba anakunywa pombe gani. Alipojibu hanywi, aliulizwa tena, kisha mara ya tatu mbele ya mwanawe. Hakurudi pale.

Hapo ndipo kazi ya tabibu wa zahanati ilipo ngumu. Maradhi haya hayaumi. Vimeng'enya vya ini huweza kuwa sawasawa ilhali ini limejaa, na kipimo cha mawimbi ya sauti hukosa kuyaona mafuta yakiwa machache. Anayengoja dalili hungoja hata macho yawe manjano na tumbo lijae maji. Hana budi kumtafuta mgonjwa miongoni mwa wale wanaokuja kwa shida nyingine: mwenye kisukari cha aina ya pili, mwenye kiuno kipana, mwenye shinikizo la damu. Pombe na aulizwe kila mtu, kwa adabu, na jibu lipokewe. Homa ya ini B nayo ipimwe, kwani kwetu si nadra na yaweza kukaa pamoja na mafuta.

Kisha swali kubwa si wingi wa mafuta, bali ni makovu. Kwa hilo ipo hesabu iitwayo FIB-4, iliyotungwa mwaka 2006 kwa ajili ya watu wengine kabisa, wenye virusi vya UKIMWI pamoja na homa ya ini C. Zidisha umri kwa kimeng'enya cha AST; kisha gawanya kwa chembe sahani, zikihesabiwa kwa maelfu, zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Mtu wa miaka 50 mwenye AST 48, ALT 64 na chembe sahani 200 hupata 2400 kwa 1600, yaani 1.5. Chini ya 1.3 tabibu hutulia, kisha hurudia kipimo baadaye; kwa waliopita miaka 65 mpaka huo ni 2. Juu ya 2.67 mgonjwa apelekwe kwa bingwa. Huyu wa 1.5 yu katikati, na anahitaji kupimwa ugumu wa ini.

Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini viliyabadili majina ya maradhi haya, vikaondoa maneno ya ulevi na ya mafuta kwa kuwa yanavunjia watu heshima. La ulevi nakubali liondoke. La mafuta silioni kuwa tusi katika Kiswahili, ambamo kumwambia mtu amenenepa bado ni kumsifu. Hatari yetu ni sifa hiyo.

Kadi ya shangazi ninayo. Palipoandikwa pombe pamepigiwa mstari mara mbili. Nafasi ya uzito iko tupu.